Aliijua adhana nzima, hakujua kuomba maji

Mwanangu alikuwa na miaka 2 na miezi 8 alipoanza kuadhini. Msikiti uko nyuma ya nyumba yetu hapa Kisauni, Mombasa. Alasiri moja muadhini alipomaliza, mtoto alipanda juu ya ndoo iliyopinduliwa uani, akaweka mkono sikioni, akaitoa adhana yote mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ileile na mivuto ileile, hata kile kikohozi kidogo ambacho muadhini wetu hukohoa kabla ya kumalizia. Majirani walitoka kumtazama. Bibi mmoja alimtia noti ya mia mfukoni akasema huyu atakuwa hafidhi. Nyumbani tunamwita Babu, kwa kuwa amechukua jina la marehemu babake mume wangu, na siku ile watu walisema babu yake amerudi.

Usiku wake Babu alilia mbele ya friji karibu saa nzima. Nilimpa maziwa, akayasukuma. Nikammenyea ndizi, akaitupa. Nikambeba, akajipinda kama samaki anayetaka kuponyoka mikononi. Nilipochoka nikajimiminia maji ninywe mimi, naye akakinyakua kikombe akayanywa yote mpaka mengine yakamwagikia kifuani. Alikuwa na kiu tu. Niliketi pale pale sakafuni, na hofu niliyokuwa nikiifukuza kwa mwaka mzima ikanijia yote kwa pamoja.

Sasa Babu anakaribia miaka 7, na mimi mwenyewe pia nina karatasi ya daktari yenye neno lilelile lililo kwenye karatasi yake: usonji, yaani autism, hali ya ubongo inayogusa jinsi mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wengine. Nitafika huko. Kilichonisukuma kuandika ni kwamba tulisubiri mno, na karibu kila aliyetuambia tusubiri alikuwa mtu anayetupenda.

Babu alizaliwa Novemba 2018. Alipofika miezi 18 ilikuwa Mei 2020, Mombasa imefungwa kwa sababu ya corona, hakuna kutoka wala kuingia kaunti, na jioni kuna kafyu. Haitiki jina lake? Corona, hajazoea watu. Haonyeshi kitu kwa kidole? Amefungiwa ndani, amuonyeshe nani? Maneno manne matano aliyokuwa nayo yalipopotea, mamangu alisema wavulana huchelewa kusema, na shemeji akatukumbusha mjomba mmoja aliyekaa kimya mpaka miaka mitano na leo ni wakili. Kila familia ina mjomba wa aina hiyo. Mimi naomba tu mtu ajiulize: ni wangapi walikaa kimya wasiwe mawakili, na hadithi zao hazisimuliwi?

Kulikuwa na mengine tuliyoyaona tusijue tunaona nini. Alipanga vifuniko vya soda kwenye ukingo wa baraza, na ukisogeza kimoja dunia inaisha. Alilala chali akiitazama feni mpaka umeme ukatike. Alikula wali mweupe na samaki wa kukaanga, lakini mchuzi ukiugusa wali sahani nzima imeharibika. Na ile adhana yenyewe. Kurudia maneno uliyoyasikia bila kuyatumia kuzungumza ni jambo linalojulikana sana kwa watoto wenye usonji. Sisi tuliiona kama kipawa, na ni kipawa kweli, ila kilituziba macho. Tulihesabu maneno aliyoweza kuyatamka badala ya kuhesabu mara ngapi kwa siku anatuambia kitu.

Baada ya usiku ule wa friji tulianza kutafuta, na makosa yetu yote yako hapa.

Tulianzia kwa dua, na hilo si kosa, silijutii. Mwalimu wa madrasa ya jirani alimwandikia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, Babu akanywa. Mwalimu huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kutuambia tumpeleke hospitali pia. Ninachojutia ni mtu mwingine tuliyepelekwa na jamaa, aliyesema mtoto ana jini wa baharini na anataka kufukizwa. Walimfunika Babu shuka pamoja na chetezo, wakamshikilia. Alipiga kelele mpaka akatapika. Nililipa shilingi 7,000 na nilisimama pale nikaruhusu. Kwa miezi kadhaa hakukubali kufunikwa shuka hata usiku wa baridi. Mtu akitaka kumshika mwanao kwa nguvu ili apone, mchukue mtoto wako muondoke.

Wifi yangu alisema ni chanjo. Chanjo ya pili ya surua na rubela hapa kwetu hupigwa miezi 18, na ni kipindi hichohicho ambapo dalili za usonji huanza kuonekana wazi kwa watoto wengi, kwa hiyo mama anayetafuta sababu huikuta imekaa palepale. Nilimwamini kiasi cha kuchelewesha chanjo ya binti yangu mdogo kwa miezi saba. Baadaye ndipo nilipojua maneno hayo yanatoka wapi: utafiti wa Uingereza wa mwaka 1998 uliohusu watoto 12 tu, ambao jarida lililouchapisha liliufuta mwaka 2010, na mwandishi wake akanyang'anywa leseni ya udaktari. Tafiti za watoto wengi mno baada ya hapo hazikuona uhusiano wowote. Binti yangu angeweza kupata surua kwa sababu ya hofu yangu, na hilo hunikosesha usingizi hadi leo.

Hospitalini kitu cha kwanza ni masikio. Mtoto asiyeitika huenda hasikii, na usonji haupimwi kabla hilo halijajulikana. Kwa mtoto asiyetulia hutumia kipimo kinachofanywa akiwa amelala, amebandikwa nyaya ndogo kichwani, mashine inasoma kama sauti inafika kwenye ubongo. Tuliambiwa tumfikishe akiwa na usingizi. Tukamkesha, tukampandisha tuktuk, akalala Daraja la Nyali, tukafika akaamka, macho makavu kabisa. Kipimo hakikufanyika, na sehemu ya malipo haikurudi. Mara ya pili mume wangu alikaa naye nyuma akimwimbia na kumtekenya njia nzima asilale mpaka tuingie chumbani. Jumla ilikuwa shilingi 12,500. Masikio yalikuwa mazima.

Nilifurahi, kisha nikaogopa zaidi.

Daktari wa kwanza tuliyemwona na majibu yale alimtazama Babu kwa dakika kumi labda, akasema tumzimie runinga, turudi akitimiza miaka mitano. Nilikuwa karibu kukubali. Nilitaka sana kukubali. Kilichoniokoa ni muuguzi mmoja wa kliniki ya watoto aliyeniuliza kama nimewahi kujibu maswali ya M-CHAT. Ni maswali 20 ya ndiyo na hapana, kwa watoto wa miezi 16 hadi 30, na yanapatikana bure kwenye intaneti. Je, ukionyesha kitu chumbani kwa kidole, mtoto hukitazama? Je, hukuletea kitu ili tu ukione? Alama 0 hadi 2 hatari ni ndogo, 3 hadi 7 unaulizwa maswali ya ziada, 8 na kuendelea unapelekwa moja kwa moja kwa mtaalamu. Babu alikuwa ameshapita umri wake. Nilijibu hivyo hivyo kwa kumkumbuka alivyokuwa na miezi 20, nikitazama video za simu yangu moja baada ya nyingine. Alipata 13. Maswali hayo hayasemi mtoto ana usonji, ni chekeche tu. Lakini kama ningeyajua Mei 2020, yangeniambia nisisubiri.

Zile video ndizo ninazomwambia kila mzazi aanze nazo leo. Usirekodi akiwa anacheza vizuri tu. Mrekodi ukimwita jina, mrekodi akitaka kitu, mrekodi akilia bila sababu unayoijua, dakika moja moja, kila moja na tarehe. Mtoto akifika mbele ya daktari huwa mtu mwingine. Wengine hulala, wengine hutulia kana kwamba hawana neno.

Tathmini yenyewe tulifanyiwa Nairobi, Machi 2022. Madaktari wa watoto waliobobea katika ukuaji na mishipa ya fahamu ni wachache nchini, na wengi wako huko. Tulisubiri miadi miezi mitatu. Ada ilikuwa shilingi 28,000, treni kwenda na kurudi sisi watatu 5,000, teksi na chakula kama 6,000, malazi tulifikia kwa shangazi yangu South C. Fedha nilizipata kwa kuwaomba wenzangu wa chama chetu cha kuchangishana fedha wanisogezee zamu ya kupokea. Niliogopa kuwaambia sababu. Nilipowaambia, wawili kati ya kumi na wawili walinipigia simu usiku, kila mmoja kwa siri, wakaniuliza maswali kuhusu watoto wao.

Nilidhani tathmini ni kipimo cha damu au picha ya kichwa. Hakuna kipimo cha namna hiyo. Daktari aliketi sakafuni na Babu kwa karibu saa mbili, wakipuliza mapovu ya sabuni na kumfanyia mwanasesere sherehe ya kuzaliwa, huku mwenzake akiandika. Wakati mmoja alimpa mtungi wa plastiki wenye biskuti, kifuniko amekikaza. Babu alijaribu, kikamshinda. Hakumtazama daktari usoni. Aliushika mkono wake, akaubeba, akauweka juu ya kifuniko, kama mtu anayechukua koleo kazini. Mkono wangu alikuwa akiubeba hivyohivyo kwa miaka miwili, nami nikidhani ananipenda sana kuliko maneno. Daktari aliandika kitu, nami nikajua.

Alisema ni usonji, na kwamba anahitaji msaada wa kiwango cha pili kati ya vitatu. Viwango hivyo vinasema msaada mtoto anaohitaji kwa sasa, na vinaweza kubadilika. Mume wangu aliuliza, "Daktari, atasema lini?" Akajibiwa kwamba hilo hakuna anayeweza kuliahidi. Nilimheshimu kwa jibu hilo. Tangu hapo nimekutana na watu watatu walioahidi, na wote walikuwa na kitu cha kuuza. Mmoja aliniuzia maziwa ya ngamia kwa miezi minne. Babu aliyapenda, ila sikuona kilichobadilika.

Nilimwomba daktari ripoti iliyoandikwa, yenye muhuri, na nakala mbili. Usitoke bila hiyo. Mwenzangu mmoja aliambiwa kwa mdomo, daktari akahama, ikabidi aanze upya na alipe upya.

Kuhusu karatasi nikae kidogo, kwa kuwa zilinipotezea karibu mwaka. Hapa Kenya ziko tatu na kila moja ina mlango wake. Ripoti ya daktari husema mtoto ana nini. Ripoti ya EARC, vile vituo vya tathmini vya Wizara ya Elimu vilivyoanza mwaka 1984, husema mtoto asome wapi na kwa namna gani. Ya tatu ni tathmini ya ulemavu, ambayo madaktari wa hospitali ya umma huijaza, na ndiyo Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu huitumia kumsajili na kumpa kadi. Mimi kwanza nilikwenda EARC nikitarajia waniambie ugonjwa. Walinipokea vizuri, wakaniambia nikaanze kwa daktari. Baadaye nikaipeleka ripoti ya EARC hospitalini nikitaka kadi, nikarudishwa. Anza na daktari, peleka nakala kwenye milango mingine miwili, na asili ibaki nyumbani.

Kadi nilichelewa kuichukua kwa sababu nyingine. Sikutaka neno "ulemavu" liandikwe juu ya mwanangu. Babake ndiye aliyenikalisha akaniambia, "Mama Babu, jina lake halibadiliki. Tunamnyima haki yake kwa aibu yetu." Nililia, nikaenda.

Tiba nayo ilikuwa na kosa lake. Tulirudi Mombasa na ari, tukamtafutia mtaalamu wa usemi wa kliniki ya binafsi, shilingi 2,500 kwa kikao, mara mbili kwa wiki. Nilikuwa nambwaga mlangoni, nakaa benchi la nje na simu yangu, namchukua. Miezi mitatu, shilingi 60,000, fedha zikaisha. Nilimwendea mtaalamu nikamwambia ukweli kwamba siwezi tena. Akaniambia jambo ambalo angeniambia siku ya kwanza kama ningeuliza: tuje mara moja kila wiki mbili, niingie ndani, nijifunze mimi, na kazi ifanyike nyumbani kila siku. Saa moja ya kliniki haiwezi kushindana na saa kumi na mbili za mama. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi yaliyojengwa juu ya wazo hilohilo, vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, na kuna toleo la bure la kwenye intaneti. Huhitaji kusubiri karatasi yoyote ili uanze. Kama ningeanza usiku ule wa friji, ningekuwa mbele kwa miezi mingi.

Nyumbani tulianza na picha. Nilipiga picha kikombe chake mwenyewe cha bluu, feni yetu mwenyewe, ndala zake, nikazichapisha saiba, duka la intaneti, na kuzitia plastiki, nikazibandika kwenye mlango wa friji usawa wa kifua chake. Mamangu aliogopa kwamba akizoea picha hatasema kamwe. Sivyo. Watoto wanaopewa njia nyingine ya kuwasiliana hawazuiliwi kusema, na wengi wao njia hiyo huwasaidia. Kwa wiki tano mume wangu alikaa nyuma ya Babu akimwongoza mkono, mimi mbele nikingoja na kikombe. Wiki ya sita, Ijumaa, nikiwa nakaanga, nilihisi kitu kinanigusa paja. Alikuwa ameibandua picha ya kikombe mwenyewe na ananisukumia. Hakuna aliyemwongoza. Nilizima jiko nikampa maji, akanywa kidogo, akairudisha picha friji, akaileta tena. Mara tisa. Nadhani hakuwa na kiu hata kidogo. Alikuwa anahakikisha kwamba inafanya kazi.

Kwa mambo ya kuvaa, kushika kijiko, kuvumilia kelele na kukatwa nywele, tulikwenda kwa OT, mtaalamu anayemzoeza mtoto shughuli za kila siku, wa hospitali ya umma, shilingi mia chache kwa kikao. Foleni ni ndefu, vifaa vichache, lakini aliyetuhudumia, aliyesomea KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, alikuwa mwalimu bora kuliko wengi niliowalipa ghali. Usiidharau hospitali ya umma kwa idara hii.

Bahari sitaipita kimya. Watoto wengi wenye usonji huondoka nyumbani bila kuaga na huvutwa na maji. Agosti 2022 niligeuka kuanua nguo, Babu hayupo. Dakika ishirini na tano. Kijana wa mtumbwi alimkuta amesimama maji ya magotini, anatazama mawimbi, ndala zake kazipanga mchangani moja sambamba na nyingine. Siku hiyohiyo tuliweka komeo juu kabisa ya mlango, tukatengeneza bangili yenye namba zetu, nikazunguka mtaa nyumba kwa nyumba na picha yake. Nilikuwa nimemficha kwa miaka miwili, kumbe majirani ndio walinzi. Anajifunza kuogelea sasa. Fanyeni haya kabla ya shule, kabla ya kadi, kabla ya yote.

Shule: chekechea moja ya binafsi ilimpokea Januari 2023, ikachukua karo ya muhula, wiki ya tatu ikatuambia tumwondoe. Karo haikurudi. Kosa langu ni kutouliza kabla ya kulipa nani atakuwa naye wakati wa mapumziko, na kama wamewahi kumfundisha mtoto asiyesema. EARC ndio waliotupeleka shule ya msingi ya umma yenye kitengo maalumu. Mwalimu wake ana watoto tisa na msaidizi mmoja, na Babu huingia mlangoni akikimbia.

Sasa kunihusu mimi.

Siku ile Nairobi daktari aliuliza kama kuna mtu katika ukoo aliyechelewa kusema. Nikasema hakuna. Jioni nikampigia mamangu kumwambia majibu. Alikaa kimya, halafu akasema, "Wewe ulisema una miaka minne. Na nguo zako zote nilikuwa nazigeuza ndani nje, ule mshono ulikuwa ukikukereketa mpaka unalia." Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za nyumba ya shangazi. Niliingiza mkono ndani ya buibui nikagusa fulana niliyovaa. Ilikuwa imegeuzwa ndani nje. Nina miaka thelathini na kitu nageuza fulana zangu kila asubuhi na sijawahi kujiuliza kwa nini.

Ilinichukua miaka miwili kwenda. Nilijiambia ni anasa, fedha ni za mtoto. Wakati huohuo nilikuwa nimeshatibiwa mara mbili kwa huzuni na wasiwasi, na dawa zikanisaidia nusu. Mwaka 2024 nilimwendea mwanasaikolojia anayepima watu wazima: vikao viwili kwa video, kimoja ana kwa ana, shilingi 32,000. Mamangu pia alihojiwa kuhusu utoto wangu. Kama mzazi wako yu hai, muulize sasa na uandike.

Nilijaza dodoso la AQ, linalopima dalili za usonji kwa watu wazima, la watafiti wa Cambridge la mwaka 2001, maswali 50. Moja linauliza kama ungependelea kwenda kwenye tamthilia kuliko makumbusho. Nilikwama. Sijawahi kuchagua kati ya hivyo maishani mwangu. Mtaalamu akaliweka kando akaniuliza, "Harusini unakaa wapi?" Nikacheka, kisha machozi. Harusini mimi ni mtu wa jikoni. Tangu msichana najitolea kukata vitunguu, gunia zima, kwa sababu kule ukumbini kuna udi, ngoma, spika, na wanawake mia wanataka kushikana mikono na kuulizana habari. Watu husema nina moyo wa kazi. Nikitoka huko hulala siku mbili bila kusema na mtu.

Akaniuliza kuhusu kutazamana macho. Msichana wa Pwani hulelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa. Nilisifiwa kwa heshima maisha yangu yote kwa jambo ambalo kwangu halikuwa heshima, lilikuwa ni kwamba siwezi kumtazama mtu na kumsikia kwa wakati mmoja. Na ukimya wangu ulikuwa haya, na kufuata ratiba ni nidhamu. Kila dalili ilipewa jina zuri ikafichika. Wanawake wengi hufika utu uzima hivyo, na ukienda kupimwa mweleze mtaalamu yale unayosifiwa, si yale unayolaumiwa pekee.

Kwa mtu mzima hakuna mlolongo wa tiba unaokungoja. Nilipewa ripoti na vikao vichache vya ushauri. Kazini niliomba meza iliyo mbali na mlango, nikapewa. Harusini huvaa vizibo vya masikio chini ya mtandio. Mume wangu ameacha kuniuliza nimekasirika nini ninaponyamaza. Mamangu ndiye aliyeumia, aliniuliza, "Basi nilikukosea?" Nikamwambia yeye aliyezigeuza zile nguo bila daktari kumwambia hakunikosea kitu.

Mwezi ujao tunarudi EARC, kuangaliwa kama Babu asogee hatua inayofuata. Faili iko tayari: ripoti, kadi, video zimo kwenye simu. Juu kabisa kuna karatasi moja niliyoiandika kwa mkono, ambayo humpa kila mtu mpya kabla sijamkabidhi mtoto. Inasema: Anaitwa Babu. Anaelewa kuliko anavyosema, kwa hiyo msimzungumzie kana kwamba hayupo. Akitaka maji atasema "ma" au ataleta picha, vyote ni sawa. Usimguse kichwa bila kumwambia. Usimshike kidevu ili akutazame, kaa chini kando yake na uangalie anachokiangalia. Adhana ikiadhiniwa mwache asimame mpaka iishe. Mchuzi weka kwenye bakuli lake.